Hesabu za Umeme Zitoke Ubaoni Zifike Kwenye Soketi

Wahenga walinena kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Sidhani kuna mahali ambapo methali hiyo inatuhusu zaidi ya katika somo la fizikia, na hasa katika sura ile inayozungumzia umeme. Kila mwaka maelfu ya vijana wetu wa shule za sekondari hufundishwa kwamba volti ni sawa na mkondo mara ukinzani, na kwamba nguvu ni sawa na volti mara mkondo. Huchora pembetatu, wakafunika herufi moja kwa kidole, wakaandika jibu, wakapata alama zao na kufunga daftari. Jioni kijana yuyo huyo hurudi nyumbani akachomeka birika, pasi na jiko la umeme katika eksitensheni moja nyembamba iliyopitishwa chini ya zulia. Halimpitikii akilini kwamba hapo alipo anafanya hesabu ileile aliyoifanya asubuhi, tena hesabu ambayo jibu lake huenda likaja usiku wa manane watu wakiwa wamelala.

Nimekaa mbele ya ubao kwa miaka mingi ya kutosha kuweza kusema hivi bila kusita: tumewafundisha vijana wetu kuzigeuzageuza kanuni za umeme, lakini hatujawafundisha kuzitumia. Mtihani huuliza, "Tafuta ukinzani." Nyumba huuliza swali jingine kabisa: je, waya huu utastahimili? Maswali hayo mawili jibu lake ni moja, ila mwanafunzi hajaambiwa hivyo.

Na tuanze na maana, kwani asiyejua maana haambiwi maana. Fikiria tangi la maji lililoinuliwa juu ya mnara, na mpira unaoteremsha maji hadi shambani. Kadiri tangi lilivyo juu ndivyo maji yanavyosukumwa kwa kishindo. Msukumo huo katika umeme ndio tunaoupima kwa volti. Kiasi cha maji yanayopita mpirani kila sekunde ndicho mkondo, nao hupimwa kwa ampea. Wembamba na urefu wa mpira, unaoyazuia maji yasipite yatakavyo, ndio ukinzani, nao hupimwa kwa omu. Nguvu, ambayo kipimo chake ni wati, ni kasi ambayo kawi hutumika: ni kazi kiasi gani inayofanyika kila sekunde, iwe ni kuchemsha maji, kunyoosha nguo au kuangaza chumba. Ukiyashika mambo hayo manne, kanuni mbili zinazobakia hazihitaji kukaririwa kama dua. Msukumo ukigawanywa kwa mkondo, unapata ukinzani. Msukumo ukizidishwa kwa mkondo, unapata nguvu. Basi.

Inafaa walimu wakumbuke kwamba aliyetugundulia kanuni hiyo ya kwanza alikuwa mwalimu kama wao. Georg Simon Ohm, mtoto wa fundi wa kufuli, alizaliwa mwaka 1789 katika mji wa Erlangen nchini Ujerumani. Alikuwa akifundisha hisabati na fizikia katika shule moja ya mji wa Köln alipoanza, mnamo mwaka 1825, kupima jinsi nyaya za urefu mbalimbali zinavyopitisha umeme. Betri za zama zake hazikuwa na msukumo thabiti. Zilianza kwa nguvu kisha zikafifia. Kwa hiyo aliunganisha metali mbili, akaiweka ncha moja katika maji yanayochemka na nyingine katika barafu, akapata msukumo mdogo usioyumba. Mwaka 1827 alichapisha kitabu chake. Wengi wa wakubwa wa elimu nchini mwake hawakukithamini, naye akajiuzulu kazi ya ualimu pale Köln. Ilipita miaka mingi kabla ya Chama cha Kifalme cha Sayansi cha Uingereza kumtunukia nishani ya Copley, mwaka 1841. Alifariki mwaka 1854, na mwaka 1881, katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Paris, jina lake likawa kipimo. Mtu huyu hakuwa na maabara ya fahari. Alikuwa na nyaya, subira na swali.

Sasa tuingie nyumbani. Chukua pasi, uigeuze, usome kile kibandiko kidogo ambacho watu wengi hawakitazami tangu siku walipoinunua hadi siku wanapoitupa. Tuseme kimeandikwa volti 240 na wati 1,200. Umeme wa gridi yetu hapa Kenya unakadiriwa kuwa wa volti 240. Gawanya 1,200 kwa 240: mkondo ni ampea 5. Gawanya 240 kwa 5: ukinzani wa koili iliyomo ndani ni omu 48. Birika la wati 2,400 litavuta ampea 10, na ukinzani wake ni omu 24. Balbu ya kizamani ya wati 60 huvuta robo ya ampea tu, na ukinzani wake ikiwaka ni omu 960. Mwanafunzi atambue jambo ambalo huwashangaza wengi: chombo chenye nguvu nyingi ndicho chenye ukinzani mdogo. Birika lina ukinzani mdogo kuliko balbu kwa mara 40, na kwa ajili hiyo hiyo lina nguvu mara 40.

Heta za kuogea papo kwa papo, zile zinazofungwa juu ya bomba la bafuni katika nyumba nyingi za mijini, hufika wati 5,400. Gawanya kwa 240 upate ampea 22.5. Plagi yetu ya miguu mitatu ya mraba imeundwa kubeba ampea 13, basi. Mtu anayethubutu kuichomeka heta kama hiyo katika soketi ya kawaida hahitaji kusubiri fundi amwambie kitakachotokea. Hesabu ya mstari mmoja inamwambia. Heta hiyo yataka waya wake mnene na swichi yake ya peke yake.

Hapa pana mtego ambao wanafunzi hodari hunaswa nao, na ndio unaonithibitishia kwamba tunafundisha kanuni bila maana. Niliwahi kumwuliza kijana mmoja aliyekuwa akiongoza darasa lake: "Katika vijiji vilivyo mwishoni mwa laini, msukumo hushuka hadi volti 200 saa za jioni. Pasi yetu ya wati 1,200 itavuta ampea ngapi?" Akajibu mara moja kwamba ni 6, maana 1,200 kugawanywa kwa 200 ni 6. Hesabu yake ya kugawanya ilikuwa sahihi, ila fizikia yake haikuwa sahihi. Kibandiko hakisemi kwamba pasi itatoa wati 1,200 liwalo na liwe. Kinasema itatoa wati hizo ikipewa volti 240. Kisichobadilika, au kinachobadilika kwa kiasi kidogo mno, ni ukinzani wa koili, yaani omu 48. Kwa hiyo mkondo ni 200 kugawanywa kwa 48, takriban ampea 4.2, na nguvu ni takriban wati 833. Msukumo umepungua kwa sehemu moja kati ya sita, lakini nguvu imepungua kwa karibu thuluthi moja. Ndiyo maana mama anayepiga pasi sare za shule saa mbili usiku hulalamika kwamba pasi yake imezeeka, ilhali pasi ni nzima. Iliyopungukiwa ni laini.

Kinyume chake ni hatari zaidi. Jamaa zetu wengi walioko Marekani hutuletea zawadi wanaporudi nyumbani, na umeme wa huko majumbani ni wa volti 120. Chukua birika lililoandikwa volti 120 na wati 1,200. Mkondo wake huko ni ampea 10, na ukinzani ni omu 12. Lichomeke hapa kwenye volti 240: mkondo sasa ni ampea 20, na nguvu ni wati 4,800. Msukumo uliongezeka mara mbili, nguvu ikaongezeka mara nne. Ikiwa fyuzi ni halali, huenda ikakatika baada ya muda na birika likaishia kuwa pambo. Ikiwa fyuzi si halali, sitaki kuwa katika jikoni hiyo.

Lazima niongeze maneno mawili ya tahadhari kwa mwalimu makini. Kwanza, ukinzani hubadilika kwa joto. Mwanafunzi akiichukua ile balbu ya wati 60 ikiwa imezimwa na baridi, akaipima kwa mita, hatapata omu 960. Atapata chini ya sehemu moja ya kumi ya kiasi hicho. Uzi wa tangsteni ulio ndani ya balbu, unapowaka, hupata joto la kupita nyuzi 2,000 za Selsiasi, na ukinzani wake hupanda pamoja na joto. Asiseme mwanafunzi kwamba mita imeharibika au Ohm amekosea. Kanuni ile ilitolewa kwa sharti kwamba hali ya joto isibadilike. Pili, hesabu hizi nyepesi ni za vyombo vinavyotoa joto. Jokofu na pampu vina mota ndani, na mota ina tabia zake. Msukumo ukishuka, mota huweza kuvuta mkondo mwingi zaidi badala ya mdogo, ikaungua.

Tukiisha kuelewa hayo, tunafika kwenye kiini cha makala haya, nacho ni joto linalozaliwa mahali tusipolitaka. Mwanasayansi James Prescott Joule wa Uingereza alionyesha, mnamo mwaka 1841, kwamba joto linalotolewa na waya hutegemea ukinzani wake na mkondo uliozidishwa kwa wenyewe. Katika daftari huandikwa kwamba nguvu ni mkondo mara mkondo mara ukinzani. Hebu tuitazame kanuni hiyo katika ile eksitensheni iliyo chini ya zulia. Tuseme waya wake, kwenda na kurudi, una ukinzani wa nusu omu. Ukibeba ampea 10 za birika, waya utatoa joto la wati 50 katika urefu wake wote. Ukiongeza vyombo hadi mkondo ufike ampea 20, joto si wati 100, bali ni wati 200. Mkondo umezidi maradufu, joto limezidi mara nne. Zulia nalo halitoi nafasi ya joto hilo kupoa, na waya uliokunjwa kama nyoka hujichoma wenyewe kwa wenyewe. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Fyuzi ndiyo iliyowekwa kutulinda na jambo hilo. Ni kipande cha waya mwembamba kinachoyeyuka mkondo unapopita kiasi, kikakata njia. Fyuzi za plagi zetu huuzwa kwa ampea 3, 5 na 13, na kazi ya kuchagua ni hesabu ileile: redio ya wati 60 huvuta robo ampea, kwa hiyo fyuzi ya 3 yatosha, pasi ya ampea 5 haifai kuwekewa fyuzi ya 5 iliyo ukingoni, bali ya 13. Lakini ni nyumba ngapi, ni maduka mangapi ya vinyozi, ambamo fyuzi ikikatika hufungwa kwa karatasi ya fedha iliyotoka kwenye pakiti ya sigara? Karatasi hiyo haina kipimo kinachojulikana. Aliyeifunga amemwachisha kazi mlinzi wa nyumba, na sasa kitakachoyeyuka kwanza mkondo ukizidi si fyuzi, ni waya uliomo ukutani.

Hata hivyo kuna hatari ambayo fyuzi halali kabisa haiwezi kuiona, na hii ndiyo nitakayo kila mwanafunzi aielewe kabla ya kumaliza shule. Ni kiungo kibovu: skrubu iliyolegea ndani ya soketi, nyaya mbili zilizosokotwa kwa vidole na kufungwa kwa nailoni, plagi inayochezacheza. Tuseme mahali hapo pamezaa ukinzani wa nusu omu, na birika linavuta ampea zake 10. Joto ni 10 mara 10 mara nusu, yaani wati 50. Tofauti ni kwamba wati hizi 50 hazikuenea katika waya mrefu. Zimekusanyika mahali penye ukubwa wa punje ya hindi. Mafundi wa redio huyeyusha risasi ya kuungia nyaya kwa chuma cha wati 40, au hata 25. Basi ndani ya ukuta wako, nyuma ya kifuniko cha plastiki, umewasha chuma cha fundi na kukiacha kikiwaka. Na fyuzi? Mkondo ni ampea 10, haujafika 13, hivyo fyuzi imestarehe. Birika nalo limepoteza volti zisizozidi 5 kati ya 240, na maji yanachemka kama kawaida. Hakuna anayejua, isipokuwa yule aliyefundishwa kuligusa kava la soketi baada ya matumizi akauliza kwa nini ni la moto, au kuiona plagi iliyogeuka rangi ya kahawia, au kuinusa harufu ya plastiki. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mara nyingine hata ukuta wenyewe hausalii.

Kanuni ya Ohm hufika hadi kwenye ngozi ya binadamu. Jaribio hili ni la karatasini tu na lisifanywe na yeyote. Ngozi iliyo kavu huweza kuwa na ukinzani wa makumi ya maelfu ya omu. Iliyolowa, mwili mzima huweza kushuka hadi kiasi cha omu 1,000. Volti 240 kugawanywa kwa 100,000 ni ampea 0.0024, mtetemo wa kumshtua mtu. Volti hizo hizo kugawanywa kwa 1,000 ni ampea 0.24, na mkondo wa sehemu moja ya kumi ya ampea ukipita kifuani watosha kuuvuruga moyo usipige tena. Msukumo ni uleule na soketi ni ileile. Kilichobadilika ni maji. Kumwambia mtoto "usiguse swichi kwa mikono yenye maji" ni agizo, na watoto huyasahau maagizo. Kumfanyisha hesabu hiyo kwa mkono wake mwenyewe ni elimu, naye hataisahau.

Watasema wengine kwamba vijiji vingi havijaunganishwa na gridi, kwa hiyo hesabu hizi ni za watu wa mjini. La hasha. Tangu mradi wa kuwafikishia wananchi umeme hadi maili ya mwisho uanzishwe mwaka 2015, nyaya zimefika mahali pengi ambapo awali palikuwa na koroboi. Na pale ambapo hazijafika, pana paneli za sola na betri za volti 12, ambazo zahitaji hesabu kuliko gridi yenyewe. Televisheni au pampu ndogo ya wati 60 kwenye gridi huvuta robo ampea. Kwenye betri ya volti 12 huvuta ampea 5, sawa na ile pasi yetu ya wati 1,200. Ukiivutia umeme kwa waya mwembamba wenye ukinzani wa nusu omu, utapoteza volti 2.5 njiani. Kati ya 240 hazingeonekana, lakini kati ya 12 ni zaidi ya sehemu moja ya tano. Mkulima atailaumu betri, atamlaumu aliyemwuzia paneli, na kumbe kosa ni waya. Mwanawe aliye sekondari angeweza kumweleza kwa dakika tano, kama angalifundishwa kuihamisha kanuni kutoka daftarini.

Mfukoni nako kuna hesabu. Yuniti moja ya umeme tunayoinunua kwa tokeni ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Pasi ya wati 1,200 kwa nusu saa ni yuniti 0.6. Balbu tano za wati 60 zikiwaka saa tano kila usiku ni yuniti 1.5, balbu tano za LED za wati 9 kwa muda huo huo ni yuniti 0.225. Heta ya kuogea ya wati 5,400 kwa dakika 10 ni yuniti 0.9, watu wanne wakioga kila siku kwa muda huo, ni yuniti 3.6 kwa siku, na 108 kwa mwezi wa siku 30. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kinajazwa bafuni, si sebuleni ambako wazazi hugombana na watoto kwa sababu ya balbu moja iliyosahauliwa.

Kanuni iyo hiyo ndiyo inayoeleza ile milingoti mirefu tunayoiona ikivuka Bonde la Ufa. Tuseme tunataka kuupelekea mji mdogo wati milioni moja kwa laini yenye ukinzani wa omu 2. Nirahisishe, niichukulie kuwa ya nyaya mbili tu. Kwa volti 11,000, mkondo ni takriban ampea 91, na joto linalopotea angani ni takriban wati 16,500. Kwa volti 33,000, mkondo ni takriban ampea 30, na hasara hushuka hadi takriban wati 1,800, yaani sehemu moja ya tisa. Ndiyo maana umeme wa mvuke wa Olkaria husafirishwa kwa volti 220,000, na laini ya zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Wolayta Sodo nchini Ethiopia hadi Suswa, iliyoanza kutuletea umeme mwaka 2022, huubeba kwa volti 500,000. Wahandisi waliozipanga laini hizo walikuwa wakifanya hesabu ya kidato cha tatu, kwa tarakimu kubwa zaidi.

Nikigeukia walimu wenzangu, najua malalamiko yenu, nami nimeyatoa mara nyingi. Silabasi ni ndefu, darasa lina wanafunzi wengi, amita na voltimita hazitoshi. Lakini kibandiko cha pasi ni kifaa cha maabara kisichogharimu hata senti. Mwambie kila mwanafunzi anakili kibandiko cha chombo kimoja cha nyumbani, au cha jikoni mwa shule kama wanalala bwenini, kikiwa kimechomolewa. Akokotoe mkondo, ukinzani na fyuzi inayofaa. Kisha wanafunzi watano wakae pamoja, wajumlishe mikondo ya vyombo vyao na kuamua kama vyaweza kuchomekwa katika soketi moja. Kwa betri kavu chache za volti 1.5 na waya wa urefu tofauti, wataweza kuirudia kazi ya Ohm bila hatari yoyote. Umeme wa ukutani waachie fundi mwenye leseni. Asipime mwanafunzi soketi yenye umeme hata kama ana mita.

Kisha nawaomba jambo la nne, ambalo huenda likaonekana geni: mwanafunzi aende aieleze hesabu yake nyumbani, kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama yake, mpaka bibi yake aelewe. Sisi hufundisha fizikia kwa Kiingereza, na sitaki kuanzisha hapa mjadala wa lugha ya kufundishia. Nasema tu kwamba anayechomeka birika nyumbani mara nyingi si mwanafunzi wa fizikia. Ni mama, ni shangazi, ni ndugu mdogo wa darasa la pili. Elimu iliyofungiwa katika lugha ya mtihani haiwezi kumlinda mmoja wao. Maneno tunayo: msukumo, mkondo, ukinzani, nguvu. Kijana ambaye hawezi kuyatumia kumweleza mamake kwa nini soketi ina joto, hata akipata alama zote, bado hajajibu swali.

Nanyi wanafunzi, msingoje mwalimu awaagize. Leo jioni, kabla ya kuchomeka chochote, kisomeni kibandiko chake. Gawanyeni wati kwa volti. Jumlisheni ampea za vyombo vyote vinavyotumia soketi hiyo. Jumla ikipita 13, chomoeni kimoja. Baada ya nusu saa kishikeni kifuniko cha soketi kwa mkono mkavu. Kikiwa cha moto, zimeni swichi, mwambieni mzazi amwite fundi, na mwelezeni sababu.